Balehe ina mfuatano wake: majibu ya barua zenu

Barua za safari hii zimetoka kwa wazazi, walezi na vijana wenyewe, na karibu zote zinaulizia umri. "Ana miaka 9, si mapema?" "Nina miaka 14, si nimechelewa?" Umri una nafasi yake na mipaka yake tutaitaja. Lakini anayetaka kujua kama kijana anakua vizuri aangalie kwanza mfuatano: kipi kimetangulia, kipi kimefuata, na kwa kasi gani. Viungo vya mwili havibalehe siku moja, na ubongo ndio unaofika mwisho kabisa.

Swali: Binti yangu ana miaka 9 na miezi 2. Wiki iliyopita aliniambia chuchu ya kushoto inamuuma. Nilipogusa nikakuta kitu kigumu chini yake. Upande wa kulia hakuna kitu. Sijalala vizuri tangu siku hiyo, nawaza saratani. *Mama mwenye hofu*

Jibu: Pole sana, mama. Ulichokigusa ni titi linaloanza kuota. Huanza kama kidonge bapa, kigumu kiasi, chenye ukubwa wa kifungo cha shati, kimekaa chini ya chuchu kabisa, na kinauma kikigongwa hata na mkanda wa begi. Kuanza upande mmoja ni kawaida. Wa pili unaweza kuchelewa hata miezi 6. Saratani ya titi katika umri huu ni nadra mno. Tunasisitiza jambo moja hapa: asije mtu akashauri kidonge hicho kipasuliwe au kikatwe kipande ili "kuhakikisha" tu. Hicho kidogo ndicho titi lake zima la baadaye, na kisu kinaweza kuliharibu lisikue. Msilikande wala kulikamua. Fulana laini inayobana kidogo inamtosha kwa sasa.

Kilichotokea ni kwamba haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, imeanza kutoa homoni kwa mapigo, na mwanzoni mapigo hayo huja usiku mtoto akiwa usingizini. Yanaiamsha tezi ya pituitari, iliyo chini yake, nayo inazichochea ovari (vifuko vya mayai) zitoe estrojeni, homoni ya kike. Kwa wasichana wengi titi ndilo la kwanza kuitika. Baada yake, kwa kawaida, huja nywele za kinena, kisha urefu unakwenda mbio, sentimita 8 hadi 9 kwa mwaka kwenye kilele chake. Hedhi ya kwanza huja mwisho, kama miaka 2 hadi 2 na nusu baada ya titi kuanza. Kwa hiyo binti yako anaweza kuvunja ungo akiwa na miaka 11 na ushei. Hedhi ikifika, mbio za urefu zimeshapita. Wasichana wengi hubakiwa na sentimita 5 hadi 7 tu. Ndiyo maana binti anayewapita wavulana wote darasani akiwa na miaka 11 anakuja kupitwa nao baadaye.

Huo muda wa miaka miwili usiupoteze. Mweleze sasa, kabla damu haijamshtua akiwa peke yake chooni. Mwonyeshe pedi yenyewe kwa mkono: upande wa gundi unabandikwa kwenye chupi, mabawa yanakunjwa chini, inabadilishwa kila baada ya saa 4 hadi 6, na iliyotumika inafungwa kwenye karatasi, haitupwi kwenye tundu la choo. Pedi mbili na chupi moja ya akiba zikae kwenye begi la shule. Miezi kadhaa kabla ya hedhi ataona ute mweupe kwenye chupi; kama hauwashi wala haunuki, ni dalili kwamba siku inakaribia, si ugonjwa.

Mpeleke kwa daktari mtoto aliyeota titi au nywele za kinena kabla ya miaka 8, au mvulana aliyeanza kubalehe kabla ya miaka 9. Vilevile kama titi limekuwa jekundu, lina joto, au linatoa usaha.

Swali: Shikamoo madaktari. Nina miaka 14 kasoro mwezi, mvulana. Darasani mimi ndiye mfupi kuliko wote, sauti yangu bado ya kitoto, na wenzangu wananiita "mdogo wake". Kuna mtu ananiuzia vidonge vya kurefusha. Ninywe? *Mfupi wa darasa*

Jibu: Marahaba, mwanetu. Usinywe. Hakuna kidonge cha kuuzwa mkononi kinachorefusha mtu. Vingine huchanganywa na homoni za kiume, na hizo ndizo hatari zaidi kwako: zinafunga mapema zile sehemu laini karibu na ncha za mifupa mirefu ambako mfupa huongezeka. Utatanuka mabega kwa miezi michache, kisha urefu utasimama pale pale.

Sasa kuhusu sauti. Wewe unaisubiri kama ishara ya kwanza, kumbe inakuja katikati ya safari. Kwa mvulana kinachotangulia ni korodani kukua, na jambo hilo hakuna anayeliona ila mwenyewe. Korodani ikifikia urefu wa sentimita 2.5 au zaidi, balehe imeanza, hata kama kwingine kote hujabadilika. Ngozi ya pumbu nayo inakuwa nyembamba na nyeusi zaidi. Baadaye zinakuja nywele za kinena, uume unaongezeka urefu, na ndipo mwili unaporefuka kwa kasi, sentimita 9 hadi 10 kwa mwaka kwenye kilele. Sauti inakatika katika kipindi hicho, kwa sababu kikoromeo kinapanuka na nyuzi za sauti zinarefuka na kunenepa kabla hujazizoea. Ndevu ni za mwisho. Kwa hiyo jikague ukiwa unaoga: ikiwa korodani zimeshakua, saa yako inatembea, umepanga foleni nyuma kidogo tu. Muulize baba naye alirefuka akiwa na umri gani. Kuchelewa kwa namna hii mara nyingi hurithiwa, na wanaochelewa wengi hufika kwenye urefu wa familia yao, ila kwa muda wao.

Acha kujipima kwa kusimama bega kwa bega na wenzako. Jipime ukutani. Vua viatu, visigino, makalio na mabega viguse ukuta usio na mbao ya chini, macho yatazame mbele sawasawa, si juu. Mtu mwingine aweke kitabu chenye jalada gumu juu ya kichwa, ukingo wake mmoja ukiwa umelala ukutani, akibonyeze mpaka nywele zishuke, kisha aweke alama ya penseli chini ya kitabu. Pima kutoka sakafuni kwa futi ya chuma au ya fundi nguo isiyolegea. Fanya asubuhi, kwa sababu jioni uti wa mgongo umeshajikandamiza na unaweza kupungua hata sentimita moja. Rudia baada ya miezi 6. Ukirudia baada ya wiki mbili, kosa la kupima litakuwa kubwa kuliko ulichokua, nawe utahuzunika bure.

Zidisha ulichoongeza mara mbili upate kasi ya mwaka. Kabla ya mbio kuanza, sentimita 4 hadi 5 kwa mwaka ni kawaida, na mara nyingi kasi hushuka kidogo kabla ya kupanda. Chini ya 4, au ukitimiza miaka 14 korodani bado ni za kitoto, nenda hospitali. Watakupiga picha ya eksirei ya kiganja cha kushoto kuona mifupa ina umri gani. Mvulana wa miaka 14 mwenye mifupa ya miaka 12 bado ana akiba kubwa ya kukua. Watatafuta pia upungufu wa damu, ugonjwa wa tezi ya shingo au wa utumbo, kwani yote hayo huzuia ukuaji.

Mguu wako ukirefuka ghafla na viatu vikakubana, furahi. Nyayo na viganja hutangulia, miguu na mikono inafuata, kiwiliwili mwisho. Katika miezi hiyo utajikwaa na kuangusha vikombe. Usidhani umekuwa mzembe. Ubongo bado unatumia vipimo vya mwili wa mwaka jana.

Swali: Mimi ni mvulana wa miaka 13. Matiti yangu yamevimba, moja zaidi. Naogopa kuvua shati. Nageuka mwanamke? *Nisitajwe*

Jibu: La, mwanetu. Wavulana wengi, karibu nusu, hupitia hali hii katikati ya balehe. Mwili wa mwanamume nao hutengeneza estrojeni kidogo, na kwa muda mfupi uwiano wake na testosteroni, homoni ya kiume, hauwi sawa. Huisha yenyewe kati ya miezi 6 na miaka 2. Mwone daktari kama titi linaendelea kukua baada ya hapo, linatoa majimaji, au limeanza kabla korodani hazijakua. Mweleze pia dawa zozote unazotumia.

Swali: Binti yangu alivunja ungo mwaka jana akiwa na miaka 12. Hedhi yake haina mpango: mara siku 24, mara 40, safari moja alikaa miezi miwili. Na siku ya kwanza anajikunja kwa maumivu. Jirani anasema ana uchafu kizazini. *Mama wa mwanafunzi*

Jibu: Jirani amekosea. Katika miaka miwili ya mwanzo, mara nyingi ovari haziachii yai kila mwezi. Yai lisipotoka, homoni ya projesteroni haitengenezwi, na ukuta wa mfuko wa uzazi unaendelea kunenepa bila kuambiwa umwagike lini. Kwa msichana wa umri huu, siku 21 hadi 45 kutoka siku ya kwanza ya hedhi moja hadi siku ya kwanza ya inayofuata ni kawaida. Kukosea kwa wengi ni kuhesabu tangu damu ilipokata. Aandike tarehe kwenye daftari kwa miezi 6, na idadi ya pedi. Damu isizidi siku 7, na pedi 3 hadi 6 kwa siku zinatosha wengi.

Nendeni hospitali ikiwa pedi inalowa kabisa ndani ya saa moja au mbili kwa saa kadhaa mfululizo, anatoa mabonge yenye upana wa zaidi ya sentimita 2.5, damu inapita siku 7, au hedhi imepotea miezi 3. Binti anayevuja namna hiyo tangu hedhi ya kwanza apimwe kama damu yake inaganda sawasawa, na apimwe wingi wa damu. Wengi wanaoitwa wavivu wanaosinzia darasani wana upungufu wa madini ya chuma. Msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji miligramu 15 kwa siku, mvulana 11.

Maumivu husababishwa na kemikali zinazoubana mfuko wa uzazi ili umwage ukuta wake. Ibuprofeni inazuia kemikali hizo zisitengenezwe, ndiyo sababu inafanya kazi vizuri zaidi ikinywewa maumivu yanapoanza tu, pamoja na chakula, kwa kipimo kilichoandikwa kwa uzito na umri wake, siku moja hadi mbili. Akisubiri mpaka ajikunje, kemikali zimeshajaa. Asiitumie mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au pumu inayochokozwa na dawa za aina hiyo. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa, chini ya kitovu, inasaidia kweli. Maumivu yanayomkosesha shule kila mwezi licha ya dawa si ya kuzoewa, yachunguzwe.

Na mwambie wazi kwamba hedhi isiyo na mpango haimlindi na mimba. Yai hutoka kabla ya damu, hivyo hata msichana ambaye hajaona hedhi ya kwanza anaweza kushika mimba.

Swali: Kijana wangu ana miaka 15. Mwezi uliopita alinieleza mwenyewe, kwa ufasaha, kwa nini ni hatari kuruka mtoni kutoka darajani. Jumamosi akaruka, mbele ya wenzake wanne. Nikimuuliza ulikuwa unafikiri nini, ananijibu "sijui". Huu ni ukaidi? *Baba aliyechoka*

Jibu: Baba, tunaamini "sijui" yake ni ya kweli, na ukiielewa utajua la kufanya.

Ubongo wa mtoto wa miaka 6 umeshafikia karibu asilimia 90 ya ukubwa wa mtu mzima. Kinachobadilika wakati wa balehe ni mafundo na nyaya zake. Mambo mawili yanakwenda pamoja. La kwanza ni kupogoa: miunganiko ya seli za neva isiyotumika inaondolewa, inayotumika inaimarishwa. La pili ni kuzivika nyuzi za neva ala ya mafuta inayofanya ujumbe usafiri kwa kasi kubwa zaidi. Kazi hii huanzia sehemu za nyuma za ubongo kuja mbele. Nyuma na katikati ndiko kwenye kuona, kusikia na kutembea. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ndiyo inayopima matokeo, kuzuia mkono na kusema "ngoja kwanza", nayo hukomaa mtu akiwa na miaka 20 na kitu, karibu 25.

Wakati huohuo, mfumo wa hisia na ule wa tuzo (unaotupa raha ya jambo), unaotumia kemikali ya ubongo iitwayo dopamini, umeshachangamka tangu balehe ianze. Kijana anauonja utamu wa jambo jipya kwa nguvu kuliko wewe, na kuliko alivyouonja akiwa na miaka 8. Akikaa nawe sebuleni, ametulia, anafikiri karibu sawa na mtu mzima. Ndiyo maana alikupa maelezo mazuri. Darajani kulikuwa na kitu ambacho sebuleni hakikuwepo: wenzake wanne. Mwaka 2005 watafiti Margo Gardner na Laurence Steinberg walichapisha matokeo ya mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Vijana wa miaka 13 hadi 16 walijihatarisha zaidi sana walipocheza wenzao wakiwa kando yao kuliko walipocheza peke yao. Watu wazima wa miaka 24 na zaidi hawakubadilika. Maarifa ya kijana hayakupungua. Macho ya wenzake yaliongeza bei ya kushangiliwa.

Kwa hiyo mhadhara mwingine kuhusu hatari za daraja hautaongeza kitu, anazijua. Shughulikia mazingira. Jua anakwenda wapi, na nani, na mtu mzima gani yupo karibu. Weka sheria chache zisizojadiliwa, zinazogusa uhai: maji, vyombo vya moto, vilevi. Nyingine mjadiliane, na umwachie baadhi aamue, kwa kuwa sehemu ile ya mbele inaimarika kwa kutumiwa. Mwandalie njia ya kutoka bila aibu: neno mnalolijua nyinyi wawili, akilituma kwa simu unampigia na kumwita nyumbani kwa ukali, na lawama unazibeba wewe. Lifanyieni mazoezi kwa sauti, kwa maneno yenyewe, kabla ya siku ya siku. Akilitumia, usimhoji usiku huo. Ukimhoji hatalitumia tena.

Na badala ya "ulikuwa unafikiri nini", kesho yake mkiwa mmetulia, muulize: "Dakika moja kabla ya kuruka, nani alisema nini?" Hilo analikumbuka. Kutoka hapo mtaona pamoja mlango aliopitia.

Kupogoa huko ndiko kunakofanya miaka hii iwe mizuri kwa kujifunza ala ya muziki, lugha au ufundi, na iwe mibaya kwa bangi, pombe na nikotini. Ubongo unaojengwa hujifunza uraibu haraka kama unavyojifunza kinanda.

Swali: Mwanetu wa miaka 16 halali kabla ya saa 7 usiku, asubuhi haamki hata kwa maji. Ni simu tu? *Walezi wawili*

Jibu: Simu inachangia, lakini siyo iliyoanza. Katika balehe, melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, huanza kutoka kwa kuchelewa saa 1 hadi 2 kuliko utotoni. Kumlazimisha kitandani saa 3 usiku ni kumlaza macho. Hata hivyo anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi, kwa hiyo akiamka saa 12 asubuhi awe amelala saa 4.

Anzeni na asubuhi. Aamke wakati uleule kila siku, na siku za mapumziko asizidishe zaidi ya saa moja, kisha atoke nje kwenye mwanga dakika 20 au 30. Muda wa kulala usogezwe mapema kwa dakika 15 kila baada ya siku mbili tatu, si saa mbili kwa mkupuo. Vinywaji vyenye kafeini viishie mchana. Simu, saa moja kabla ya kulala, ichajiwe chumba kingine, na yenu pia.

Swali: Nitajuaje kama ukimya wa binti yangu ni ujana au ni sonona? *Shangazi mlezi*

Jibu: Shangazi, hasira ya ujana huja na kuondoka, leo amefunga mlango kwa kishindo, jioni anacheka na rafiki zake. Kinachotupa wasiwasi ni hali inayokaa sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, na kumfanya aache alivyovipenda. Kwa vijana sonona si lazima ilie. Mara nyingi huonekana kama kukasirika kwa kila kitu, kuumwa kichwa au tumbo kusikoisha, alama kushuka, kula au kulala kubadilika. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, kijana 1 kati ya 7 wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili.

Keti naye ubavuni, si uso kwa uso. Kwenye kutembea au kuosha vyombo maneno hutoka kwa urahisi. Mwambie ulichokiona: "Naona wiki tatu hujaenda mazoezini." Kisha muulize waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Kwa wengi ni mara ya kwanza kupata pa kulisemea. Akikubali, asiachwe peke yake, dawa na sumu zote za nyumbani zifungiwe, na mfike hospitali siku hiyohiyo.

Swali: Korodani moja ilinianza kuuma ghafla usiku, nikatapika, kisha ikaacha asubuhi. Nimwambie nani? Naona haya. *Miaka 14*

Jibu: Mwambie mzazi au mlezi leo, na mwende hospitali hata kama maumivu yameisha. Huenda korodani ilijisokota kwenye mshipa wake ikajifungua yenyewe, na inaweza kujisokota tena. Ikijisokota, damu haifiki, na nafasi kubwa ya kuiokoa kwa upasuaji ni ndani ya muda wa saa 6 tangu maumivu yaanze. Ikirudi, hata kama ni saa 8 usiku, waamshe. Usinywe dawa ya maumivu ukangoja uone, na usile wala kunywa chochote njiani, kwa sababu huenda ukaingizwa chumba cha upasuaji moja kwa moja.